Tupeane uzoefu: maradhi ya mripuko yalipoingia mtaani kwenu, imani na tahadhari zilikutana wapi?

Maalim wa Chuo, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu zangu.

Nafungua mada hii kwa kisa changu mwenyewe, kisha nawaomba na nyinyi mlete vyenu. Sharti langu ni moja: asije mtu na hadithi ya Mtume peke yake, bila ya kisa chake mwenyewe. Aya na hadithi za mlango huu wengi wetu tumezisoma. Tusichosimuliana vya kutosha ni yale yaliyotokea siku mafundisho hayo yalipotakiwa kufanya kazi, kisimani, jikoni, msikitini na kwenye kitanda cha kuoshea maiti.

Mimi nasomesha chuo cha Qur-ani pembezoni mwa mji. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilivuka bahari na kufika kwetu mwezi uliofuata, na ilipofika Aprili 2016 hali ilikuwa nzito kiasi kwamba skuli zilifungwa na biashara ya vyakula na vinywaji barabarani ikapigwa marufuku. Watu wa mtaani wakaanza kunijia kuomba kombe. Siku moja baada ya sala ya Alfajiri nilikaa barazani nikaandika aya za shifaa kwa zafarani katika sahani jeupe la kaure, nikaliosha kwa maji, nikayamimina maji yale katika ndoo, na watu wakajipanga na vikombe vyao mkononi. Maji yalikuwa mazuri kwa macho, yana rangi ya manjano na harufu ya zafarani. Yalikuwa yametoka katika kisima cha wazi cha msikiti, hatua chache kutoka vyooni.

Katika foleni alikuwemo jirani yangu, mama mtu mzima aliyejitolea kusaidia kazi za afya katika shehia. Alipofika mbele hakunyoosha kikombe. Aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Maalim, maji haya yamechemshwa?"

Nilitaka kumjibu kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayangoji kuchemshiwa maji. Jibu lilifika ulimini, nikalimeza, kwa sababu papo hapo ilinijia hadithi ya Jabir iliyopokewa na Imam Muslim, ambayo nimewasomesha watoto miaka mingi: funikeni vyombo na fungeni viriba, kwani katika mwaka upo usiku mmoja ambao wabaa, yaani maradhi ya mripuko, huteremka, na haupiti penye chombo kisichofunikwa ila utaingia humo. Aliyesema maneno hayo ndiye aliyeteremshiwa Qur-ani yenyewe, naye hakuona kwamba kufunika chombo kunapunguza chochote katika kumtegemea Mola wake. Mimi nani hata nione kuchemsha maji ni upungufu wa imani?

Nilisimamisha foleni nikawaomba radhi watu. Maji yale niliyamwaga chini ya mwembe, mahali pasipokanyagwa, kwa kuchunga heshima ya kilichoandikwa. Vijana wakateka maji mengine, wakayachemsha katika sufuria la pilau la msikiti mpaka yakatokota sawasawa, tukayafunika yapoe, na kombe nikaliandika upya baada ya Adhuhuri. Lakini mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa miaka tisa, alikuwa ameshakunywa kikombe cha mwanzo. Usiku wake alianza kuharisha maji meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Alipelekwa kambi ya wagonjwa wa kipindupindu, akatundikiwa dripu, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu siku ya nne akarudi kwao. Huenda aliyapata kwangu, huenda aliyapata kwengine, kwani mtaa mzima ulikuwa ukinywa kisima kile. Nilikwenda mwenyewe kwa mama yake nikamweleza jambo lote, maana nisingeweza kumsomesha mwanawe huku nikimficha.

Karibuni.

Mama wa Kusini Pemba

Waalaykum salaam, Maalim. Allah akulipe kheri kwa kulisema wazi.

Kisa changu ni cha mwanzo wa mwaka 2009, ilipoletwa chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Shehia zilizochaguliwa zilikuwa sita, Chumbuni, Karakana na Mtopepo kwa Unguja, na Kengeja, Mwambe na Shamiani kwa Pemba, na mimi niliolewa katika mojawapo ya hizo za Pemba. Wajawazito hawakupewa, nami nilikuwa na mimba ya miezi mitano, kwa hiyo nilibaki kuwa mtazamaji wa jambo ambalo nyumbani kwetu lilizua mjadala mkubwa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikataa katakata. Hakuwa na habari na uvumi wa kuharibiwa vizazi, uliokuwa umezagaa. Hoja yake ilikuwa ya dini: dawa hunywewa na mgonjwa, na mzima anayekunywa dawa anamtangulia Mwenyezi Mungu katika asilolileta.

Imamu wetu hakumfuata kubishana naye. Ijumaa ile alisoma hadithi ya tende za ajwa, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kula tende saba za ajwa asubuhi hatadhuriwa siku hiyo na sumu wala sihiri. Kisha akauliza, huyu anayekula tende asubuhi ni mgonjwa au ni mzima? Ni mzima, tena amefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kutia kitu tumboni kwa ajili ya dhara ambalo halijamfika. Maneno yale yalimfikia mama mkwe wangu kupitia kwa mume wangu wakati wa chakula cha mchana. Alinyamaza mpaka Alasiri, kisha akatafuta buibui lake.

Nilimsindikiza. Chanjo ilichanganywa na maji yaliyotiwa unga wa kupoza asidi ya tumbo, na akaambiwa asile saa moja kabla na saa moja baada. Alisema bismillahi, akanywa huku amefumba macho, akasema ina chumvichumvi. Alirudi kwa dozi ya pili bila ya kuambiwa na mtu.

Miaka kadhaa baadaye watafiti walitangaza matokeo: waliokunywa dozi zote mbili walikingika kwa asilimia 79, na katika mitaa ambayo wengi walikunywa, hata wasiokunywa waliugua kwa uchache. Niliposimuliwa hilo nililia, kwa kuwa mama mkwe wangu alikuwa ameshafariki. Alikunywa yeye, tukakingika mimi na mtoto niliyekuwa naye tumboni. Mtoto huyo sasa ni kijana, na nimemweleza kwamba hiyo ni haki moja ya bibi yake juu yake.

Mtu wa Tanga

Assalaam alaykum. Maalim, nina kisa na nina swali ndani yake, naomba uvumilivu wako.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa msikitini, na hadithi aliyoishika kuliko zote katika mambo ya maradhi ni ile isemayo "hakuna kuambukizana". Mwanzoni mwa 2021, siku za korona, wakati ambao kila msiba tuliohudhuria tuliambiwa marehemu alipata changamoto ya kupumua, tulimwomba baba apunguze kuhudhuria mazishi, na angalau avae barakoa. Alitusomea hadithi hiyo. Alizika marafiki zake watatu katika wiki mbili, akaingia kaburini mwenyewe kupokea maiti. Wiki ya tatu akaanza kukohoa. Tulizunguka na mitungi ya oksijeni siku sita, na ya saba akafariki, huku kichwa chake kikiwa juu ya paja la kaka yangu mkubwa.

Swali langu silitoi kwa kumhukumu mzee wangu. Nataka kujua alikuwa ameshika nini, na je, kilikuwa kitu kizima?

Maalim wa Chuo, Unguja

Ndugu yangu wa Tanga, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na ampokee kwa wema alioufanya kwa majirani zake. Alikuwa ameshika kitu cha kweli. Kilikuwa kipande.

Hadithi hiyo, kama ilivyo katika Sahih Bukhari, haiishii pale baba yako alipoishia. Riwaya ya Abu Hurayra inaanza kwa kukanusha kuambukiza, kukanusha mikosi ya ndege na bundi, na kukanusha nuhusi ya mwezi wa Safar, na inamalizia kwa amri: na umkimbie mwenye ukoma kama unavyomkimbia simba. Mwanzo na mwisho wa hadithi vimetoka katika kinywa kimoja. Bedui mmoja alimuuliza Mtume kuhusu ngamia wake wazima kama paa, ambao huingiliwa na ngamia mwenye upele akawaambukiza, naye akamjibu kwa swali, basi ni nani aliyemwambukiza yule wa kwanza? Wanavyuoni wengi wameeleza kwamba kinachokanushwa ni itikadi ya watu wa zama za ujinga, walioamini kuwa ugonjwa una nguvu yake wenyewe nje ya matakwa ya Mwenyezi Mungu. Sababu zenyewe hazikukanushwa. Ndiyo maana Abu Hurayra huyo huyo amepokea pia katazo kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima, na ndiyo maana mtu mwenye ukoma aliyekuja pamoja na ujumbe wa Thaqif alitumiwa salamu kwamba tumekwisha kukubali kiapo chako, rejea kwenu.

Kisa kinachonituliza mimi kila nikifikiria jambo hili ni kile cha Sargh. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham, nchi ya Syria ya leo na jirani zake, mwaka wa 17 au wa 18 Hijria, alipokutana na Abu Ubayda na makamanda wengine wakamweleza kuwa tauni imeingia huko. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, waliohama kutoka Makka, wakahitilafiana, akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, wakahitilafiana vile vile, akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa Ufunguzi wa Makka, na hao wakasema kwa sauti moja, rudi na watu. Abu Ubayda akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu, laiti ungekuwa mwengine aliyesema hayo, ewe Abu Ubayda! Naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji aliyeshuka na ngamia wake bondeni, upande mmoja una majani na upande mwengine ni mkavu: akilisha penye majani amelisha kwa kadari, na akilisha pakavu amelisha kwa kadari. Kisha akatokea Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwepo kwenye mashauriano, akawasomea alilolisikia kwa Mtume: mkisikia ipo katika nchi msiingie, na ikitokea katika nchi nanyi mmo, msitoke kwa kuikimbia.

Tazama yaliyofuata, ndugu yangu. Umar alirudi Madina. Abu Ubayda alirejea kwa jeshi lake, na Umar alipomwandikia baadaye kumtaka atoke, alielewa makusudio yake, akaomba asamehewe, akabaki na watu wake na akafa katika tauni ile ya Amwas. Muadh bin Jabal naye alifariki humo. Hatimaye Amr bin al-Aas aliwatawanya watu milimani, na tauni ikaondoka. Mmoja alikataa kuingia, mmoja alikataa kutoka, mmoja aliwatenganisha waliokuwemo, na sisi tunawataja wote kwa kuwaridhia. Nami naamini baba yako aliwapenda marafiki zake kwa pendo la Abu Ubayda. Hakupata mtu wa kumsomea ile nusu ya pili.

Nitaongeza jambo moja, kwa kuwa linahusu kujumuika. Ibn Hajar al-Asqalani, mfafanuzi mkubwa wa Bukhari, alifiwa na mabinti zake kwa tauni, na akaandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Humo amesimulia kwamba mwaka 833 Hijria watu wa Kairo walifunga siku tatu, kisha wakatoka kwa umati kwenda jangwani kuomba dua. Kabla ya kutoka, waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika arubaini, na mwezi ule haukwisha ila walizidi elfu moja kwa siku. Dua kila mtu aombe, na aombe sana. Lakini mwanachuoni wa hadithi, aliyezika watoto wake mwenyewe, aliona kwamba kukusanyika kwa namna ile hakukuwa na asili.

Muuza Urojo, Mjini

Maalim, umetaja marufuku ya vyakula ya 2016. Nami naomba isimuliwe kwa upande wetu pia.

Nilikuwa na meza ya urojo na bajia, na watoto wanne wa kulisha, mume wangu akiwa hana kazi. Askari walipita mchana, na jioni yake nilibaki na beseni la unga wa dengu uliokwisha kukorogwa na viazi vilivyokwisha kuchemshwa. Nilikubali kwa moyo safi, kwa sababu mtoto wa mwenzangu wa meza ya pili alikuwa kambini. Katika dini yetu hakuna kudhuru wala kudhuriana, na ukwaju wangu niliupooza kwa maji ya mfereji kama wote. Hata hivyo kukubali kwa moyo hakujazi chungu. Siku ya tisa tulikula mihogo asubuhi na jioni.

Kilichotokea ni kwamba wanawake wa darsa letu la Jumatano, ambalo lilikuwa limesimamishwa, walichanga ile pesa ya chai na vitafunio vya darsa wakatugawia sisi watu watatu tuliokuwa na meza. Mtoto aliileta ndani ya bahasha, akaiweka kizingitini, akarudi nyuma kabla ya kunitolea salamu, kama alivyofundishwa. Tahadhari ina gharama, na safari ile wenzangu walinisaidia kuibeba. Sijasikia hotuba nyingi za Ijumaa zinazolitaja hilo, nami naona lingetajwa sambamba na kuosha mikono.

Binti wa Matrah, Oman

Assalaam alaykum. Sisi tuna asili ya Unguja, na Kiswahili ndicho tunachozungumza na baba nyumbani hapa Maskati.

Misikiti ilifungwa Machi 2020, na mwanzoni mwa Aprili Matrah yetu ikazungukwa, asiingie mtu wala asitoke. Baba yangu alikuwa na miaka 74, na tangu alipohamia nchi hii hakuwahi kukosa Alfajiri ya jamaa ila kwa ugonjwa. Siku ya kwanza muadhini alipofika mahali pa "njooni kwenye sala" akasema badala yake "salini majumbani mwenu", baba aliketi ukingoni mwa kitanda akiwa ameshavaa kanzu na kofia, fimbo iko mkononi, na hakuinuka. Nilimwona akifuta macho kwa kilemba.

Kaka yangu, ambaye hakuwa msomaji sana, alimletea kitabu wazi na kumsomea kisa cha Ibn Abbas, ambaye siku ya Ijumaa yenye mvua na matope alimwagiza muadhini wake aseme maneno hayo hayo, na watu waliposhangaa akawaambia kwamba alifanya hivi aliye bora kuliko mimi, akimkusudia Mtume. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe adhana yenyewe ndiyo iliyoniambia nibaki." Akavua kofia, akaivaa tena, akatuambia tutandike mikeka sebuleni.

Ramadhani yote ile tulisali Tarawehe nyuma ya baba. Alikuwa akisoma taratibu kwa sababu ya kifua, na wajukuu waliokuwa wakikimbia msikitini walijifunza kusimama. Novemba, misikiti ilipofunguliwa kwa sala tano, Ijumaa ikiwa bado, alikwenda na mkeka wake kwapani na barakoa usoni. Mimi nina yakini kwamba mwaka ule haukumpunguzia baba kitu katika ibada yake.

Mama wa Beni, Kongo

Salaam kwenu wote. Ninyi mumeongea maji na msikiti, mimi nitaongea maiti.

Ebola ilitangazwa huku Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na ilichukua watu zaidi ya 2,200. Sisi Waislamu ni wachache Beni, kwa hiyo tunajuana nyumba kwa nyumba, na mimi ni mmoja wa wanawake wanaoosha maiti za wanawake. Virusi hivyo vinabaki vikali katika mwili hata baada ya roho kutoka, na mwenye kuosha anagusa kila kitu: jasho, damu, matapishi. Shangazi yangu alipofariki katika kituo, familia ilinitazama mimi. Walisema, atakwendaje kwa Mola wake bila kuoshwa? Vijana wetu walitaka kwenda kuchukua mwili kwa nguvu, na siku hizo mji ulikuwa na hasira na hofu, watu wa mazishi walikuwa wanatupiwa mawe.

Imamu aliwakalisha vijana chini. Akawaambia kwamba kuosha maiti ni wajibu wetu sisi tulio hai, na sheria inapoona maji hayawezekani au yanaleta madhara inatupa tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi badala ya maji, kwa maiti kama kwa aliye hai, na kwamba aliyetukataza tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizi ni Yeye aliyetuamuru kuosha. Kisha akaongeza neno lililoniuma na kunituliza pamoja: shangazi yenu aliuguza mtoto wa jirani mpaka akaambukizwa, mnataka amalize wema wake kwa kuwaua ninyi?

Niliomba niingie mimi. Walinivalisha mavazi yote, gauni, miwani, glavu mbili juu ya mbili, na joto lake ni kama uko ndani ya chungu. Mwili ulikuwa umekwisha kufungwa katika mfuko. Nilipiga mikono ya glavu juu ya udongo safi uliokuwa ndani ya sahani, nikapitisha juu ya mfuko, mahali pa uso, kisha mahali pa mikono. Sanda tuliifunga juu ya mfuko, vipande vitano kama mwanamke anavyostahiki. Wanaume walisali jeneza uwanjani, safu ziko mbalimbali, na timu ya mazishi ikamshusha kwa kamba taratibu, ubavu wa kulia, kuelekea Kibla, kwa sababu tuliwaonyesha mapema na wakakubali. Mtume ametufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na siku ile nilishuhudia watu ambao si wa dini yetu wakimbeba shangazi yangu kama anayelala.

Katika sisi wanawake waoshaji wa Beni tuliofuata njia hiyo, hakuna aliyeugua.

Kijana wa Mji wa Kale, Mombasa

Langu ni fupi. Mji wa Kale ulifungwa Mei 2020, katikati ya Ramadhani. Mama yuko Kwale, na rafiki yangu alikuwa na mashua. Tulipanga tuteremke usiku, tuvuke, tukafuturu kwa mama, na Idi tuwe naye. Nilimpigia simu kumpa habari njema. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, hapo mlipo kuna wagonjwa?" Nikamwambia wapo, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akasema, "Basi kaa. Bi Aisha amepokea kwamba anayekaa katika mji wake kwa subira, akitaraji malipo na akijua halitampata ila alilomwandikia Mungu, ana ujira wa shahidi. Usiniletee ugonjwa ukaukosa ujira huo." Idi ile nilimwona mama kwenye simu, amevaa leso mpya, sahani ya mahamri mbele yake.

Mama wa Kusini Pemba

Narudi na swali, Maalim. Wako wanaosema kombe lenyewe halina dalili ya kutosha. Sitaki ugomvi wa hilo hapa. Nataka kujua chuoni kwako mmebakisha nini tangu 2016.

Maalim wa Chuo, Unguja

Bibi yangu, hilo la kombe wanavyuoni wamelizungumza kwa pande zote mbili, na asiyelitumia simlaumu. Kilichobaki chuoni ni hiki. Kile kisima kimefunikwa zege na kuwekewa pampu. Lile hodhi la kutawadhia, ambalo kila mtu alichovya mkono au kopo, tulilivunja tukaweka mabomba, baada ya kuwasomea wazee hadithi ya aliyeamka usingizini kwamba asitie mkono wake chomboni mpaka auoshe mara tatu, kwani hajui mkono wake umelala wapi. Watoto wakubwa wanajua kwa moyo maji ya kumpa anayeharisha wakati anapelekwa hospitali: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Ninawahoji kama ninavyowahoji Juzuu Amma. Wanajua pia kwamba anayekufa kwa maradhi ya tumbo ametajwa miongoni mwa mashahidi, nami huwasomesha mambo hayo mawili katika kikao kimoja, ili la pili lisije likamzembesha mtu katika la kwanza.

Maji ya kunywa yako katika ndoo yenye bomba, imefunikwa. Mwezi uliopita kifuniko kilipasuka, nami sikuwa na habari. Nilipoingia baada ya Alasiri nilikuta kijiti cha mpera kimelazwa juu ya mdomo wa ndoo, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikauliza nani ameweka. Msichana wa miaka saba akanyoosha mkono, akasema, "Mimi, Maalim. Hadithi imesema kama hukupata kitu cha kufunikia, uweke hata kijiti na utaje jina la Mwenyezi Mungu. Nimesema bismillahi." Nilimwombea dua mbele ya wenzake, nikawaambia wafungue misahafu waanze bila ya mimi, nikatoka kwenda dukani kununua kifuniko.